Gogo la Kupimia Mguu wa Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hapana. Hiyo ni pakawa ya watu waliofungwa uwanjani kwao. Mimi nataka ya washindi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Baba mwenye redio mfukoni, izime. Mechi yako haitakimbia, na hii yangu ni tamu zaidi. Watoto, sogeeni mbele. Hapo zamani za kale, kabla mpira haujawa wa watu, mpira ulikuwa wa wanyama. Wao ndio walioanza kuucheza, na wao ndio walioanza kuugombania. Kelele mnazozisikia leo vijiweni tumezirithi kwao.

Basi kulikuwa na timu ya Bondeni na timu ya Majabalini. Bondeni walikaa nyasini: Swala, Punda Milia, Fisi, Kanga, Kiboko na jamaa zao. Majabalini walikaa juu ya mawe: Nyani, Pimbi, Chui na wengine wanaopenda kutazama wenzao kutoka juu. Katikati yao palikuwa na bwawa moja lisilokauka upesi. Bwawa la Ndulele.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila mwaka mvua zikiisha, timu hizo zilicheza mechi moja. Moja tu. Anayeshinda anakunywa maji kwanza kiangazi chote. Anayeshindwa anasubiri juani. Anasubiri mshindi anywe, aoge, apige soga, ajinyooshe, ndipo naye asogee. Na akisogea anakuta nini?

Tope!

Tope, wanangu. Mwaka uliopita Bondeni walishindwa. Wakanywa tope asubuhi. Wakanywa tope jioni. Wakalala na mchanga kwenye meno. Mwenyekiti wao alikuwa Kiboko, na Kiboko bila maji ni mgonjwa. Ngozi ya mgongo ilimpasuka vipandevipande kama shamba la mpunga lililokauka. Ukimtajia mpira, alifumba macho.

Kwa nini walishindwa? Hapo ndipo penye ugomvi.

Kijiwe cha Bondeni kilikuwa kwenye kichuguu kikubwa, kando ya gogo la mkwaju lililoanguka. Mashabiki walikusanyika hapo kila asubuhi. Walikuwa hawana kazi? Kazi walikuwa nazo. Walikuwa wanaziacha.

Bingwa wa kuongea alikuwa Fisi. Fisi alijua kila kitu cha mpira isipokuwa kuucheza.

"Kosa ni la kocha!" alisema Fisi. "Kifaru ana mbinu moja tu. Nenda mbele! Ukikuta ukuta, nenda mbele. Ukikuta mti, nenda mbele. Afukuzwe!"

"Kifaru ameshafukuzwa," walimwambia.

"Afukuzwe tena!"

Mwenzake wa kubishana alikuwa Kanga. Kanga hakubali jambo upesi, na akikataa anakataa kwa sauti. Kwe-kwe-kwe-kwe!

"Kosa si la kocha," alisema Kanga. "Kosa ni la mguu wa Tunu."

Tunu alikuwa swala pala, binti mdogo, mwenye adabu zake. Ndiye aliyekuwa mchezeshaji wa Bondeni. Mpira ukimfika, unatulia. Anainua kichwa, anatazama, anaupeleka pale pasipo na mtu. Ukifika pale, mtu yupo. Na kuruka! Tunu alikuwa anaruka mpaka refa anasahau filimbi. Majabalini wote walimwogopa yeye tu. Lakini mwaka ule, mechi ikiwa haijafika mapumziko, alitua vibaya. Mguu wa mbele, wa kushoto. Akatolewa nje. Bila Tunu, Bondeni wakawa wanakimbia tu kama kuku waliofunguliwa banda.

"Mguu wake ni wa bua," alisema Kanga. "Utavunjika tena."

"Umepona!" alisema Fisi.

"Haujapona!"

"Umepona!"

"Umemuuliza nani?"

Swali zuri hilo. Lishikeni, tutalihitaji baadaye. Lakini Fisi hakumuuliza mtu. Alimwona Tunu anapita kwenda malishoni, akamwita.

"Tunu mwanangu, hebu njoo."

Tunu akaja. Akapiga goti kidogo. "Shikamooni."

"Marahaba. Hebu ruka hilo gogo, tuone."

Tunu alimtazama Fisi. Alimtazama Kanga. Wote ni wakubwa zake. Utamwambiaje mkubwa wako hapana? Akarudi nyuma. Akakimbia. Akaruka. Akapaa juu ya gogo, akatua upande wa pili juu ya kichuguu.

Tuu!

"Mmeona?" alipiga kelele Fisi. "Mguu huo! Chuma!"

Mashabiki walishangilia. Siku ile ingeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini asubuhi iliyofuata alikuja Twiga, ambaye jana yake alikuwa mbali. Twiga akasema, "Mimi sikuona. Na nisipoona mimi mwenye shingo hii, nani ameona?" Tunu akaitwa. Akaruka. Tuu! Asubuhi nyingine wakaja Nyati wa upande wa mto. "Sisi hatukuona." Tunu akaruka. Tuu! Hata waliokwishaona wakataka kuona tena, kwa sababu jana si leo. Desturi ikazaliwa. Ikapewa na wimbo wake. Twende pamoja, na makofi!

Ruka, Tunu, ruka,
Ruka tukuone.
Mguu ni wako,
Ushindi ni wetu!

Wanaimba, Tunu anaruka. Tuu! Kesho wanaimba, Tunu anaruka. Tuu! Wao waliuita upendo. Nami sikatai, walimpenda. Mtu unaweza kumpenda kuku wako ukamshikashika mpaka akaacha kutaga.

Mama yake Tunu alikuwa na maneno mengine. Alimwambia, "Mwanangu, mguu huo si wa mpira kwanza. Mguu huo ni wa kumkimbia Simba."

Maana Simba naye alikuwepo. Simba hakuwa na timu. Simba hashabikii Bondeni wala Majabalini. Simba anamshabikia anayechechemea.

"Mama, wanaimba jina langu," alisema Tunu. "Nitawaambiaje sitaki?"

Mama yake akamlamba ule mguu. Hata yeye aliona haya kuwagombeza wakubwa wa kijiweni.

Sasa ikabaki habari ya kocha. Wa kwanza kutaja jina alikuwa Fisi. Alijitaja mwenyewe. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao, lakini moyoni hakucheka. Kanga akamtaja Mbuni. Mbuni akasema yeye ni refa, hawezi kupuliza filimbi huku anafundisha. Wakataja huyu, wakataja yule. Wa kwetu hatufai, ametuzoea. Wa jirani hatufai, ni mpelelezi.

Siku moja likaja vumbi kutoka mbali. Ndani ya vumbi alikuwemo Nyumbu.

"Mimi," alisema Nyumbu, "nimevuka mto wenye mamba. Nimefundisha ng'ambo."

Ng'ambo! Mashabiki waliposikia ng'ambo, kazi ikaisha. Hawakuuliza ng'ambo gani. Hawakuuliza alishinda nini huko. Kanga alilia kwa furaha, kwe-kwe-kwe! Fisi alisema, "Nilisema mimi!" ingawa hakusema. Kiboko akamvisha Nyumbu shada la nyasi shingoni. Nyumbu akalila.

Akaanza kufundisha. Akawakimbiza. Asubuhi mbio, mchana mbio, jioni mbio. Punda Milia, mfungaji wao, alikonda mpaka mistari ikasogeleana. Na kabla ya mbio, kila siku, Tunu analetwa gogoni. Kocha mgeni naye alitaka kuona.

Ruka, Tunu, ruka,
Ruka tukuone.
Mguu ni wako,
Ushindi ni wetu!

Tu-tuu!

Mmesikia? Wewe umesikia, mtoto wa shati jekundu? Hukusikia. Basi usijali, na wao hawakusikia. Macho yao yalikuwa juu, wanatazama anavyopaa. Hakuna aliyetazama anavyotua.

Mechi ikawa inakaribia. Kule mbali, upande wa kaskazini, mbingu ikanguruma. Gu-gu-gu-guu. Nyumbu akainua pua. Akanusa. Mkia ukaanza kumcheza.

"Kocha, vipi?" aliuliza Kiboko.

"Naitwa," alisema Nyumbu.

"Na nani?"

"Na majani mabichi."

"Na mechi yetu je?"

"Mna timu nzuri sana," alisema Nyumbu. "Endeleeni kukimbia." Akaondoka na vumbi lake kama alivyokuja. Mpaka leo, Nyumbu akisikia mvua ya kwa wengine, mkataba anausahau.

Ee, kilio kijiweni! Kiboko alishika mgongo wake uliopasuka, akasema, "Jamani, kiangazi kingine cha tope mimi sikiwezi. Nitakufa." Na hakuwa anatia chumvi. Kila mmoja alijua. Ndama wao na vifaranga wao nao wasingekiweza.

Fisi akaona wakati wake umefika. Alipanda juu ya ncha moja ya gogo.

"Tulieni! Kocha wa nini? Tuna Tunu. Mguu ukiwa mzima, tumeshinda. Mguu ukiwa mbovu, hata aje nani tumeshindwa. Basi leo tuupime kweli. Leo asiruke mara moja. Aruke mpaka tuseme basi!"

"Na iwe hivyo!" walipiga kelele wote. Hata Kanga alikubali, na Kanga kukubaliana na Fisi ni jambo la kutisha.

Tunu akaletwa. Wimbo ukapigwa. Akaruka. Tu-tuu! Tena! Akaruka. Tu-tuu! Tena! Akakusanya nguvu, akaruka.

Tu... tuu!

Ghafla kichuguu kikatikisika. Vumbi likafumka kutoka kwenye shimo lililokuwa chini yake. Na ndani ya vumbi akatoka mnyama, mkia umesimama wima, pembe za mdomoni zimetangulia, hasira zimefika puani.

Alikuwa Bi Ngiri.

"Nyinyi!" alifoka. "Nyinyi mna nini na dari yangu?"

Maana pale mashabiki walipopafanya kijiwe palikuwa juu ya nyumba ya Bi Ngiri. Yeye huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, uso unabaki mlangoni. Akakaa humo kiangazi kile na mvua ile yote, anawasikia. Kila ubishi ulipita juu ya kichwa chake. Kila tuu ilimwangushia mchanga kwenye chakula.

"Bi Ngiri, samahani," alisema Kiboko. "Tuko kwenye jambo kubwa. Tunapima mguu."

"Mnapima mguu, mnatazama mbinguni? Mimi niko chini, mimi nausikia. Zamani alikuwa anatua mara moja. Tuu! Miguu yote kwa pamoja. Toka aje yule mla mashada, anatua mara mbili. Tu, tuu! Mguu mmoja unatangulia, mwingine unaogopa kufika. Na leo umeogopa zaidi ya jana."

Fisi akashuka kwenye gogo polepole.

Bi Ngiri akamgeukia Tunu. Hasira ikamtoka usoni.

"Mwanangu," alisema, "wewe mwenyewe, mguu unakwambiaje?"

Machozi yakamtoka Tunu. Tangu kuumia kwake hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Unauma, Bi Ngiri," alisema. "Ulikuwa karibu kupona. Ukaanza kuuma tena siku aliyokuja Twiga, na tangu siku hiyo unauma."

"Na mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza kama unauma. Waliniuliza kama naweza kuruka."

Ah! Twiga aliinamisha shingo yote ile mpaka ikafika chini. Kanga alitafuta neno la kubishia, akalikosa. Siku ya kwanza katika maisha yake.

"Haya," alisema Bi Ngiri. "Na kama mimi nimesikia, jueni yuko mwingine aliyesikia. Tazameni majanini kule."

Wakatazama. Majani yalikuwa yametulia. Kisha yakasogea kidogo. Katikati yake yalikuwamo macho mawili ya manjano. Simba! Shabiki mmoja ambaye hakukosa kupima mguu hata asubuhi moja. Wenzake walitazama Tunu anavyoruka. Yeye alitazama anavyotua.

Simba akainuka.

Mmewahi kuona mashabiki wanavyotimua? Pru! Kanga juu. Gudu-gudu-gudu! Nyati mtoni. Twiga huyoo. Kiboko, chubwi! bwawani, maji ya wenyewe, hakuuliza zamu ya nani. Na Fisi, aliyesema mguu ni chuma, alikimbia bila hata kutazama nyuma. Waliokuwa wanaimba jina la Tunu walimwacha peke yake kando ya gogo.

Tunu aligeuka akimbie. Mguu ukakataa. Alijaribu tena. Mguu ukakataa. Alimwona Simba anakuja, hana haraka, anakuja kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake. Tunu akamkumbuka mama yake.

"Ingia!" alisema Bi Ngiri.

"Wapi?"

"Kwangu! Inamisha hizo pembe ulizonazo na usizonazo, ingia!"

Tunu akajitupa shimoni. Bi Ngiri akageuka, akaingia nyuma yake, makalio kwanza, kinyumenyume kama kawaida yake, akamsukuma Tunu mpaka mwisho wa chumba. Uso ukabaki mlangoni. Pembe zikabaki mlangoni.

Simba akafika. Akainama. Akanusa. Akaingiza mkono.

Ka!

Akautoa mkono, akaulamba. Akatafakari. Akaingiza tena.

Ka! Ka!

"Ingiza na kichwa," alisema Bi Ngiri kutoka ndani. "Karibu sana. Leo nimeamka vibaya."

Simba si mjinga. Ana macho mawili tu na anayahitaji. Alikaa kidogo, akajifanya hakuwa na njaa, akaenda zake huku anachechemea.

Baadaye mashabiki wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wanajikohoza. Kanga alisema alikuwa ameruka kwenda kuita msaada. Nyati walisema walikwenda kuzunguka kwa nyuma. Fisi alisema alikuwa anamvuta Simba amfuate yeye. Bi Ngiri aliwasikiliza wote, kisha akachomoza.

Kiboko akatoka majini, akasema, "Bi Ngiri, tunakuomba uwe kocha wetu."

"Mpira nausikia tu kutoka darini," alisema Bi Ngiri. "Lakini huyu mtoto simrudishi mikononi mwenu. Kwa ajili yake nitakubali, na masharti yangu ni haya. Kijiwe kihame, kitoke juu ya nyumba yangu. Gogo liondoke leo. Na kuanzia kesho hakuna wa kumwambia Tunu fanya hivi tuone. Nitamuuliza mguu unasemaje, na atakalosema ndilo."

"Akisema hachezi?" aliuliza Fisi.

"Hachezi."

"Na maji je?"

"Hachezi!"

Kiboko akalisukuma gogo kwa kichwa mpaka bwawani. Chubwi! Lilizama, likaibuka. Kobe mdogo akapanda juu yake kuota jua.

Tunu akalala kwa Bi Ngiri, na mama yake akawa anamletea majani mlangoni. Kila asubuhi Bi Ngiri aliuliza, "Mguu unasemaje?" Tunu anajibu, "Bado." Kesho yake, "Unasemaje?" "Bado." Kule kwenye kijiwe kipya mashabiki walikuwa wanauma kucha na kwato. Hawakulala. Lakini hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia ruka. Walizikumbuka pembe.

Siku ya mechi ikafika. Mpira ulikuwa umesukwa na ndege mnana, umejazwa sufi, mwepesi na imara. Majabalini walishuka na ngoma zao. Golikipa wao alikuwa Nyani, mwenye mikono mirefu kuliko haki. Beki wao alikuwa Chui.

"Mguu unasemaje?" aliuliza Bi Ngiri.

Tunu alikanyaga nao chini. Akakanyaga tena. "Unasema nikae, nisubiri kwanza."

"Kaa."

Kipindi cha kwanza Bondeni wakacheza bila Tunu. Wakabanwa. Wakabanwa kwelikweli. Pimbi mmoja, mfupi, akapita katikati ya miguu ya Nyati. Paa! Bao. Majabalini wakapiga ngoma. Kiboko akafumba macho, akaanza kuhisi mgongo unapasuka upya.

Mapumziko, Fisi alikuja mbio pembeni ya uwanja. "Bi Ngiri! Mwingize! Mguu si..." Bi Ngiri akamtazama. Fisi akarudi kukaa.

"Tunu," alisema Bi Ngiri, "mguu unasemaje?"

Tunu alifikiri. Hakuwatazama mashabiki. Safari hii aliutazama mguu wake.

"Unasema naweza kusimama. Naweza kutembea, naweza kukimbia kidogo. Lakini hauruki."

"Basi hutaruka," alisema Bi Ngiri. "Simama katikati. Wengine wakimbie. Yule mla mashada alau aliwafundisha kukimbia."

Tunu akaingia. Uwanja ukalipuka! Akasimama katikati, hakimbii ovyo, hajitupi. Mpira ukimfika, unatulia. Anainua kichwa. Anaupeleka. Punda Milia anakimbia, Nyati wanakimbia, Majabalini wanakimbizana nao mpaka ndimi nje. Mara Tunu akaupenyeza mpira kushoto, Punda Milia akaukuta, teke! Bao! Sasa ni moja kwa moja!

Jua likaanza kushuka. Mbuni akatazama kivuli chake, akashika filimbi. Dakika za mwisho. Nyati mmoja akaupiga mpira juu, juu kabisa, ukawa unashuka mbele ya lango la Majabalini. Tunu alikuwa pale pale chini yake. Na nyimbo za zamani haziishi kooni upesi. Mashabiki wakasahau. Wakasahau wote kwa pamoja. Wakainuka, wakaimba:

Ruka, Tunu, ruka,
Ruka tukuone!

Na Majabalini wanaujua wimbo huo. Walikuwa wanausikia kila asubuhi kutoka juu ya mawe yao. Tunu ataruka! Chui akaruka kumwahi. Nyani akaruka, mikono yote hewani. Mabeki wote wakaruka, paa, paa, paa!

Tunu alisikia jina lake. Aliusikia wimbo ule uliomfanya alie. Akauuliza mguu. Mguu ukasema, hapana.

Hakuruka.

Alisimama chini, miguu yote ardhini. Mpira uliwapita wenye kupaa, ukashuka mpaka kwake, ukatulia. Chui yuko juu. Nyani yuko juu. Lango liko wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Tunu akaugusa mpira kidogo tu pembeni, Punda Milia akaja, akautia langoni.

Bao!

Priii! Mbuni akamaliza mechi. Siwezi kuwasimulia kelele zile, masikio yangu bado yananiuma nikizifikiria. Kiboko hakungoja kombe wala hotuba. Chubwi! Maji safi. Akapuliza mapovu kwa furaha, na wote wakaingia nyuma yake. Lakini walipofika ukingoni walisimama, wakampisha Tunu anywe wa kwanza. Akanywa. Kisha akamwita Bi Ngiri, akampisha naye. Bi Ngiri akapiga magoti, kama wanavyokunywa wao, akanywa bila kusema asante, maana bado alikuwa na hasira kidogo.

Kule kilimani Simba aliwatazama, akahesabu miguu inayochechemea, akakuta wa kwake tu. Akaenda kulala.

Asubuhi iliyofuata Tunu alipita njia yake ya malishoni. Fisi alikuwa kijiweni. Alimwona, akainuka, mdomo ukafunguka kwa mazoea. "Tunu! Hebu ru..." Akajikamata. Akameza mate. Akakaa chini vizuri.

"Tunu mwanangu," alisema, "umeamkaje? Mguu je?"

"Shikamoo, Mzee Fisi," alisema Tunu. "Leo hauumi."

Na akaenda zake, kwa mwendo wa polepole, hakuna aliyemwimbia.

Basi wakubwa mnielewe, na watoto mnielewe. Unayemtegemea akushindie, muulize hali yake kabla hujamwambia akuonyeshe nguvu zake. Na wewe unayeimbiwa ruka, mwili ni wako. Ukiuma, sema, hata mbele ya wakubwa.

Filimbi imelia, hadithi yangu imeishia hapo. Baba, haya, washa redio yako. Lakini kwanza mgeukie huyo aliyekupikia chakula cha leo, umuulize ameshindaje.